Mpira wa Muadhini

Wanaume wa mlango wetu hawapasuliwi. Neno hilo babu yangu Ubeid alilisema kila harusi, kila hitima, na kila alipompata mtu aliyekaa kitako akamsikiliza. Babake alizikwa mzima, babu yake alizikwa mzima, hakuna hata mmoja aliyekwenda mbele ya Mola wake na mshono. Mimi nami nililichukua neno hilo nikalitembeza steji ya tuk-tuk pale Ukunda, nikiwaambia wenzangu kwamba watu wa koo nyingine wamezaliwa na zipu, sisi tumezaliwa bila hata kifungo. Walicheka. Kuchekesha watu ndiyo kazi yangu ya pili, na ile ya kwanza, ya kuendesha tuk-tuk ya tajiri wangu Kaingu, haina faida kubwa kuishinda.

Neno hilo liliishi mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa Mei. Babu alikuwa amekwenda kuadhini alfajiri, akarudi, akaingia chooni. Ilipofika saa tatu alikuwa hajatoka.

Bibi Mwanatumu alikuwa amesimama nje ya choo na birika la maji mkononi, la pili hilo. Hakugonga. Ndoa yao ina miaka arobaini na minane na hajapata kumgongea mumewe mlango wa choo. Lakini alikuwa anasikia. Alisikia pumzi ya mtu anayenyanyua gunia, halafu kimya, halafu matone mawili matatu kwenye saruji, halafu pumzi tena. Alikuwa anayajua hayo kwa zaidi ya mwaka. Alijua kwamba mumewe huamka mara sita kwa usiku mmoja. Kwamba aliacha chai ya jioni, kisha ya asubuhi, kisha akaacha hata maji, ili udhu wake udumu hatua mia mbili za kutoka nyumbani hadi msikitini. Alijua habari ya vikoi vinavyofuliwa kwa siri na kuanikwa nyuma ya banda la kuku. Hakusema kitu, kwa kuwa yeye hakuambiwa kitu.

Mimi nilifika na tuk-tuk, nikapaza sauti kutoka uani kwamba kama ni uchungu wa uzazi, basi tumwite mkunga. Babu hakujibu. Hapo nilijua mambo ni mazito, kwa maana mimi na yeye tuna utani wa mtu na mjukuu wake. Tuna mke mmoja, ambaye ni Bibi, na hakuna siku aliyoniacha nikamchokoza bure. Alipofungua mlango alikuwa ameshika ukuta. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limefura na kukaza kama dafu.

"Ishak, nipeleke hospitali," aliniambia polepole. "Lakini zungukia nyuma. Usinipitishe msikitini."

*

Aliyempokea ni Sista Rispah, binti wa Kinango, ambaye kwa umri angekuwa mjukuu wake wa tatu. Babu aliomba aletewe mwanamume. Sista alimwambia kwa adabu kwamba mwanamume yuko, lakini yuko chumba cha upasuaji, na kibofu cha Babu hakitamsubiri mtu huyo atoke. Babu akafunika uso kwa kofia yake ya vito. Sista akatia mpira wa kutolea mkojo, na mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko. Ukajaa ule mfuko, ukafunguliwa, ukajaa tena mpaka karibu nusu. Chini ya kofia Babu alikuwa analia. Alilia kwa raha, na kulia kwa raha mbele ya msichana kulimwumiza kuliko maumivu yenyewe.

Tuliambiwa kwamba ni tezi dume. Ni kitu kidogo kinachozunguka njia ya mkojo, mtu akizeeka kinakua, na cha Babu kilikuwa kimekua mpaka kimeikaba njia kama mkono unavyokaba shingo. Damu ilipopimwa ikaonekana figo zimeanza kuelemewa, kwa kuwa mkojo ulikuwa unarudi juu. Wakati wa kutibu kwa dawa ulikuwa umeshapita. Alihitaji kupasuliwa, na mpasuaji wa njia ya mkojo, Daktari Kalama, huja mara moja kwa mwezi, hupasua siku ya Alhamisi, na Alhamisi iliyokuwa inakuja ilikuwa imejaa. Jina lake likaandikwa kwa ya mwezi wa sita. Mpaka siku hiyo angekaa na mpira na mfuko.

Sista Rispah alitoa maagizo: mfuko ukae chini ya kiuno, umwagwe kabla haujajaa, anywe maji mengi, mpira usivutwe kwa hali yoyote, na ukiziba arudi mbio. Mimi niliitikia kwa kichwa kila agizo kama mtu anayesikiliza hotuba ya siku ya wazazi.

*

Nyumbani likazuka suala la nani atakayemwaga mfuko. Kwetu mwana haoni utupu wa babake, kwa hiyo mama yangu Hafswa, binti yake wa pekee, alikuwa nje ya hesabu. Bibi alikuwa tayari, ila Babu alikataa katakata. Alisema mke akishabeba mkojo wa mumewe, basi nyumba hiyo imebaki na mama na mtoto. Nani basi? Mjukuu. Mjukuu ni mtani, na mbele ya mtani mtu hana utupu. Ndivyo nilivyopewa cheo.

Asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi, niliingia na ndoo, nikabisha hodi kwa kusema nimekuja kukama. Babu alinijibu kwamba nikame taratibu, ng'ombe huyu hupiga teke. Alikuwa anakunywa maji tena, na kwa siku chache za mwanzo alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kisima chake. Mimi nilikuwa najisifu steji kwamba sasa ni nusu daktari. Mifuko ya akiba tulinunua wenyewe. Mama, anayefua mashuka katika hoteli moja ya Diani, alikwenda kuomba mshahara wa mbele. Msimamizi akamwuliza mbele ya wenzake babake anaumwa nini. Mama akasema tumbo. Msimamizi akasema tumbo haliombi mshahara wa mbele, na mama ikabidi aseme, palepale kwenye mvuke wa pasi, na vijana wawili wakaangaliana.

Kuadhini kukakabidhiwa Boga, kijana mwenye sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Kila adhana ilipoanza, Babu alikuwa akikaa wima kitandani, midomo ikimfuata Boga neno kwa neno na kumsahihisha. Imamu alikuja kumtazama. Alimweleza kwamba mwenye ugonjwa wa mkojo ana udhuru. Atawadhe kila wakati wa swala unapoingia, aufunge mfuko wake vizuri, aje aswali na wenzake, dini haikuja kumtesa mtu. Babu alimshukuru. Moyoni hakuridhika. Miaka thelathini yeye ndiye aliyewaita watu kwenye usafi; leo aje na najisi yake kaifunga mguuni?

Hata hivyo Ijumaa iliyofuata alikwenda. Alikaa safu ya nyuma, mfuko ameufunga kwenye shavu la mguu, ndani ya kanzu. Kwenye sijida ya pili kiungio cha mpira na mfuko kikachomoka. Mkojo ulitambaa juu ya zulia ukafika kwa jirani yake, na jirani akakusanya kanzu yake bila kutazama upande. Swala ilipokwisha hapakuwa na aliyesema neno baya. Walisema pole, mzee, haya ni ya Mungu. Kisha vijana wanne wakalikunja zulia, wakalitoa nje, wakaliosha, wakalianika juu ya ukuta unaotazama barabara, na hapo likakaa mpaka Jumapili.

Nitasema na hili, kwa kuwa msipolisikia kwangu mtalisikia kwa wengine. Steji nililifanya kichekesho. Nilisema babu yangu ndiye mzee wa kwanza kumwagilia zulia lenye picha ya maua. Walicheka mpaka abiria wakashuka kutazama. Mmoja wa abiria hao alikuwa mtu wa kijijini kwetu. Jioni nilipoingia na ndoo, Babu hakutaja ng'ombe. Aliniuliza, "Umewauzia kwa bei gani?"

*

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Ijumaa ya pili baada ya hiyo, siku sita kabla ya Alhamisi ya kupasuliwa, mimi nilikuwa nimekwenda dukani kununua vocha. Mama alikuwa kazini. Bibi alikuwa jikoni anakuna nazi. Babu alioga, akavaa kanzu nyeupe, akatia mafuta ya mawardi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Najua alichokuwa anakifikiria. Alitaka saa moja tu. Saa moja ya kuwa mtu mkavu, asimame, aadhini, azibe masikio kwa vidole na kufunga macho kama zamani, kisha arudi kwenye mpira wake mpaka siku ya kisu. Hapo akaushika mpira akauvuta.

Niliporudi na vocha yangu damu ilikuwa imeshafika magotini mwa kanzu. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuma kofia. Tulimpakia kwenye tuk-tuk, mimi, Bibi na beseni, na tulipopita msikitini, kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kuzungukia nyuma, Boga ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Hospitali, Sista Rispah alijaribu kuurudisha mpira mara mbili. Mara zote mbili ulisimama njiani na damu ikatoka upya. Njia ilikuwa imechanika. Mkojo ukaanza kujaa tena, tumbo likakaza tena, na safari hii hapakuwa na mlango wa kuutolea. Ikabidi daktari wa zamu amtoboe chini ya kitovu na kupitisha mpira mwingine hapo, kwenye ngozi. Babu alitazama tundu lile kwa muda mrefu. Aliuliza kama na hilo huhesabiwa kupasuliwa. Ilipofika Jumapili alikuwa na homa, Jumatatu alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na vipimo vya figo vikawa vibaya kuliko vya mwanzo.

*

Daktari Kalama alifika Jumatano, mwembamba, miwani juu ya kichwa. Alipita vitanda vya watu wa kesho yake mmoja mmoja. Kwa Babu alivuta kiti akakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpira ule wa kwanza, nani aliutoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilichoka nao."

Daktari alimtazama, akatazama faili, akamtazama tena. Alisema kwa sauti ya chini, lakini wodi ina masikio, na mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio yake. "Mzee wangu, nikikupasua kesho utatoka na mpira mwingine, na damu itakuwa inapita humo kwa siku kadhaa. Huo ukiuvuta, sitakuwahi. Utakufa mikononi mwangu. Mtu mwenye akili zake huambiwa usivute, na havuti."

Daktari akaanza kumwuliza maswali yale ya kupima akili. Leo ni siku gani? Mtu aliyewahesabia watu saa zao tano za kila siku kwa miaka thelathini akaulizwa leo ni siku gani. Alijibu Jumatano. Tarehe? Alitaja tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Daktari akataka ya kizungu. Babu, kwa homa, akasema ya wiki iliyopita. Tuko wapi hapa? Nani huyu aliyesimama hapa? Alijibu, jasho likimtoka, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya wageni, na kitanda cha tatu walikuwa wamegeuka kabisa kutazama.

Daktari alimwambia Sista Rispah alitoe jina kwenye orodha ya kesho. Mzee aonwe kwanza na daktari wa akili, Mombasa. Akishathibitishwa, ataingia mwezi ujao.

Mama alishika chuma cha kitanda. Alimwuliza daktari kama figo hizi zitafika huo mwezi ujao. Daktari alisema hawezi kumdanganya, huenda zisifike. Lakini kumpasua mtu atakayeuvuta mpira ni kumwua leo badala ya kumwua kesho. Mama akamgeukia Babu, akamwomba aseme kitu, aseme hata kwamba shetani alimpitia. Babu alikuwa anatazama dari.

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda, nikizungusha funguo za tuk-tuk kidoleni. Watu wote walikuwa kimya, na mimi kimya cha watu sikiwezi. Nikasema, "Daktari, huyu mzee siku hizi hata mswaki anausahau mdomoni akaenda nao dukani."

Hakuna aliyecheka. Sista Rispah akaandika kitu. Babu aliteremsha macho kutoka darini, akanitazama mara moja, akayarudisha.

Hapo Bibi akainuka kutoka kwenye mkeka. Alifunga leso yake upya kiunoni, taratibu, kama mtu anayetaka kuteka maji.

"Baba Hafswa, nisamehe," alisema. "Neno lako leo nalivunja." Kisha akamgeukia daktari. "Mwanangu, huyu hana wazimu. Hakuvuta yeye. Aliuvuta huyu hapa."

Alininyooshea kidevu, kidole hakukitumia.

"Nilikuwa nakuna nazi. Dirisha la jikoni na dirisha la chumba yanatazamana. Mume wangu alimwambia, nitolee saa moja tu nikaadhini, kisha unirudishie. Na huyu akasema hiyo si kazi, nilimwona nesi alivyotia, kutoa ni kuvuta tu. Mara ya kwanza haukuja. Mara ya pili akaweka mguu wake kwenye kitanda akavuta kwa mikono miwili. Nikaacha mbuzi na nazi nikakimbia. Nilipofika mume wangu ananiambia, nyamaza Mwanatumu, watamfunga mtoto, sema nimevuta mimi. Nikanyamaza siku tano. Leo mumempima akili, naye anajibu tu. Siwezi tena."

Nimewaambia kwamba nilikuwa dukani nanunua vocha. Vocha niliinunua, ila ilikuwa Jumamosi.

Mama hakunitazama. Ningependa angenitazama. Daktari alimwuliza Babu kama haya ni kweli. Babu akasema, "Nilimwamrisha mimi. Andika mimi." Daktari akasema hilo ndilo jibu la mtu mwenye akili zake, akamwambia Sista alirudishe jina. Lakini hakulisema kwa furaha. Aliongeza kwamba kwa njia ilivyochanika hataweza kuingiza vifaa kwa chini; itabidi afungue tumbo, na kwa homa hii na figo hizi, hana ahadi ya kutupa. Kama homa haitashuka kufikia asubuhi, jina litakuwa kwenye karatasi tu.

Kisha akanigeukia mimi.

"Ulitoa maji kwenye puto kwanza?"

Mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha nne hakuna swali lililonikosesha jibu, nikauliza, "Puto gani?"

Alimwomba Sista mpira mpya. Akaupasua kutoka kwenye karatasi yake, mrefu, wa rangi ya asali. Akachomeka bomba la sindano kwenye tawi lake dogo, akasukuma maji, na kwenye ncha ya mpira, mahali palipokuwa pembamba kama unyasi, pakatoka puto, likakua mpaka likawa kama ndimu. Akaeleza kwamba hili hukaa ndani ya kibofu, ndilo linaloushika mpira usichomoke. Ukitaka kuutoa unayanyonya kwanza maji, na mpira huja wenyewe. Akafanya ngumi, akaacha tundu jembamba katikati ya vidole, mpira ukining'inia chini na ndimu ile ikiwa juu ya ngumi.

"Vuta," akaniambia.

Niliushika. Ulikuwa laini na baridi. Kitanda cha pili, kitanda cha tatu, wote walikuwa wanatazama mkono wangu. Nikasema ninaona, daktari, nimeelewa.

Bibi alikuwa amesogea karibu yangu, na tangu nizaliwe hajapata kuniita jina jingine nyumbani.

"Vuta, mume wangu," alisema. "Weka na mguu."